Nchi ya Sababu Tano

Wapo watakaosema nchi hii haipo, na mimi sina ugomvi nao. Asiyetaka kuamini ainuke, nafasi yake atakaa mwingine. Ila aliyekwenda huko alirudi, viatu vyake niliviona vimelika visigino, na aliyoyasimulia sikuyatia chumvi zaidi ya ile anayotia mpishi yeyote mwenye heshima zake.

Aliyekwenda ni Bi Zamoyoni binti Mwinyihija, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mtengeneza ngozi wa mji wa Kindoro. Kiwanda walikirithi kwa baba yao, yeye na kaka yake Mfaume, wakakiendesha pamoja na wabia wawili. Ngozi zao zilisifika, laini za kukunjika kama kitambaa. Lakini kiwanda kilikuwa na bomba, na bomba lile lilimwaga maji ya chokaa, magadi na nywele za ng'ombe moja kwa moja katika kijito cha Nduva. Kijito kilikuwa kimekufa miaka thelathini.

Zamoyoni alikikumbuka kijito kile jinsi mtu anavyomkumbuka mtu. Alimkumbuka mama yao akiosha choroko kwenye mawe mapana, yeye na Mfaume wakiwa ndani ya maji hadi magotini, wakifunua mawe madogo kutafuta kaa. Mama aliwaruhusu kufunua, kwa sharti moja, kwamba jiwe lirudishwe vile vile lilivyokuwa, maana ni paa la mtu. Mfaume aliwatia kaa wake kwenye mfuko wa shati na kwenda nao shuleni, hadi siku mmoja alipotoka katikati ya somo la hesabu na kutembea juu ya daftari la mwalimu. Hayo yote yalikuwa yamekwisha. Kila asubuhi Zamoyoni alipofungua dirisha la ofisi na ile harufu kumpiga usoni, moyo ulimwuma upya kana kwamba habari za msiba zimefika leo. Alijicheka pia, mtu mzima na wajukuu wake, analilia maji.

Mwaka ule bomba la zamani lilikuwa limeoza. Kabla ya masika ilibidi kikao cha wabia kiamue: ama waweke bomba jipya, pana mara mbili ya lile, ama wachimbe mabwawa ya kusafishia maji na kuliziba bomba moja kwa moja. Zamoyoni alimfuata kaka yake wiki tatu kabla ya kikao.

"Kaka, mimi naona tulizibe."

"Kwa nini?"

"Kwani wewe huukumbuki ule mto?"

Mfaume alikuwa akifuta miwani yake kwa ncha ya shati, na hakuinua uso. "Zamoyoni, mdogo wangu, kikao si matanga. Nikiwaambia wale wenzetu kwamba dada yangu ana hamu ya kijito, watanionaje? Lete sababu. Sababu inayosimama kwa miguu yake yenyewe, nami mkono wangu utakuwa wa kwanza kwenda juu. Hiyo hamu iache nyumbani."

Ndipo Zamoyoni alipoikumbuka nchi ya Wemani. Wasafirishaji wa ngozi walikuwa wakiitaja, nchi ambako kila kiwanda, kila kampuni, hata kibanda cha kushona viatu, hutenda wema na hujua kwa nini. Alimwachia binti yake funguo, akaenda. Njia ilikuwaje tusipoteze muda nayo, alifika.

Mpakani palikuwa na afisa mmoja, mwanamke mwenye suti ya kijivu, ambaye hakutaka kuona pasi wala mzigo.

"Umekuja kwa sababu gani?" aliuliza.

"Nimekuja kutafuta sababu."

Yule afisa alisimama, akampa mkono kwa mikono miwili. Alifurahi kama mwenye mgahawa aliyeambiwa kwamba mgeni amekuja kutoka mbali kwa ajili ya pilau yake. Alimwandikia barua ya kwenda kwa Msajili wa Sababu, akamwonyesha barabara.

Mji mkuu wa Wemani ni mji wa kuonea wivu. Moshi hauonekani, takataka hazionekani, na wafanyakazi hutoka viwandani saa kumi wakiwa bado wana nguvu za kutaniana. Mbele ya kila kiwanda pamesimama kibao chenye mistari miwili, wa kwanza wema, wa pili sababu yake. Zamoyoni alivisoma kimoja kimoja. Kiwanda cha viatu kiliandika: "Milango yetu haifungwi kwa nje watu wakiwa kazini. Sababu: moto ukitokea, jina letu litaungua." Kampuni ya mbao: "Tukikata mti tunapanda miwili. Sababu: tunataka kukata tena." Bucha: "Mizani yetu haidanganyi. Sababu: mkaguzi haji kwa taarifa." Na benki moja, kwa herufi za dhahabu: "Makarani wajawazito hukaa. Sababu: anayesimama hukosea."

Alinakili vyote kwenye daftari lake, moyo ukiwa mwepesi. Alijiambia kwamba watu hawa wamemaliza kazi, na yeye atarudi Kindoro na gunia la sababu, kaka yake achague inayomkaa.

Njaa ilipomshika alimwendea mama mmoja mwuza maandazi, akanunua manne. Yule mama akahesabu manne, kisha akaongeza la tano. "Nyongeza," alisema, na papo hapo akashusha sauti kama anayesoma maandishi. "Sababu: ili urudi kesho."

"Ahsante, mama. Kesho lakini sijui kama nitapita huku. Mimi ni msafiri."

Mama maandazi alifikiri kidogo. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akapeleka mkono taratibu na kulichukua andazi lake. "Nisamehe, mwenzangu," alisema, na uso wake ulionyesha haya ya kweli. "Sheria inatushika hata sisi wauzaji wa kwenye ungo."

Zamoyoni alicheka njia nzima. Baadaye alisema kwamba huo ulikuwa mwisho wa kucheka kwake katika nchi ile.

Msajili wa Sababu aliitwa Bwana Dhahiri, mtu mwembamba, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni na kikohozi cha kuomba radhi. Ofisi yake haikuwa na kitu cha kujivunia isipokuwa kabati moja la mninga lenye droo sita. Tano zilikuwa na vibandiko: Sheria, Wateja, Wafanyakazi, Jina, Faida.

"Sababu zote za wema wa biashara ziko humo," alisema. "Tumezitafuta miaka mingi, hatujapata nyingine."

"Na ile ya sita?"

"Fundi alikosea vipimo. Tunaweka sukari."

Alimpa chai, akamweleza jinsi sheria ilivyoanza. "Zamani, Bi Zamoyoni, wenye biashara hapa walitenda wema kwa moyo." Neno hilo alilitamka jinsi wengine wanavyotamka kipindupindu. "Tajiri akiamka vizuri, wafanyakazi wanapata maji ya kunywa. Akigombana na mkewe, maji yanakatwa. Alikuwepo mwenye mgodi mmoja, mtu wa huruma sana, kila mtu akimpenda. Nguzo za mgodi alizikagua mwenyewe. Akafa. Mwanawe huruma hakuwa nayo. Watu kumi na tisa walifukiwa ndani ya mwezi mmoja, na baba yangu alikuwemo." Alikohoa. "Basi tukasema moyo hautoshi. Kila wema uwe na sababu, sababu iandikwe, na kila mwaka ipimwe kama ingali hai. Wema usio na sababu tunauita wema wa magendo, na tunaukamata."

Yale yalikuwa maneno ya mtu aliyepatwa, na mpumbavu hangeyasema.

"Na sababu ikifa?" aliuliza Zamoyoni.

"Wema unarudishwa."

"Unarudishwa vipi?"

"Kwa utaratibu," alisema Bwana Dhahiri, na kumwongezea chai. "Kesho Baraza linakaa. Kuna shauri la mto. Njoo, litakufaa."

Baraza la Sababu hukaa saa nne asubuhi, katika ukumbi mkubwa wenye viti thelathini vya wajumbe. Mbele yao siku ile alisimama mwanamke mmoja wa rika la Zamoyoni, mfupi, mikono imepasuka na kuwa myeupe kwa kazi. Alikuwa Bi Tunu, mwenye kiwanda cha wanga wa muhogo kando ya mto Sefu. Mtu yeyote aliyewahi kulowesha muhogo anajua maji yake yanavyonuka, na wanaofuga samaki wanajua yanavyoua. Miaka saba nyuma Bi Tunu aliziba bomba lake, akachimba mabwawa, mto ukapona. Kwenye fomu aliandika sababu: Wateja. Wateja, aliandika, wanapenda wanga uliotoka kwenye kiwanda kisichochafua mto.

Sasa wapimaji walikuwa wamewauliza wateja mia nne. Wote mia nne walijibu kwamba wanachotaka ni kola za mashati zisimame. Mto hawakuwahi kuuwaza.

"Sababu yako imekufa, Bi Tunu," alisema Mwenyekiti, kwa sauti ya mtu anayetoa pole. "Wajumbe wamekuja kukusaidia kupata nyingine."

Na ni kweli walijaribu, tusiwasingizie. Mjumbe mmoja alipendekeza Sheria, lakini ikaonekana sheria ya mito bado haijatungwa, kwa kuwa nayo inasubiri sababu. Mwingine alitaja Wafanyakazi, ila wafanyakazi wa Bi Tunu waliishi upande wa pili wa kilima na maji yao yalitoka kisimani. Jina lake lilikuwa zuri tayari, na wataalamu wa majina wakathibitisha kwamba haliwezi kupanda zaidi. Kuhusu Faida walibishana saa nzima kama wanga mweupe unatokana na maji safi au na mihogo mizuri, na mihogo ikashinda. Mjumbe mzee aliyekuwa amesinzia aliamka na kuuliza kama samaki hawawezi kuhesabiwa kuwa wateja. Lilijadiliwa kwa heshima zote, likaangushwa kwa kura mbili.

"Wewe mwenyewe una la kuongeza?" aliuliza Mwenyekiti.

Bi Tunu alitazama mikono yake. "Nautamani ule mto," alisema.

Ukumbi ulijaa vikohozi. "Unautamani vipi?" Mwenyekiti aliuliza kwa upole. "Unao. Ni msafi. Unaweza kuuona kupitia dirisha hilo."

"Nautamani utakapokuwa kwa watu wengine. Watakaokuja kuoga humo mimi sipo."

Karani alimgeukia Bwana Dhahiri aulize hiyo iende droo gani. Bwana Dhahiri alitikisa kichwa. Mwenyekiti, akitaka kuonekana ametenda haki hadi mwisho, akamkumbuka mgeni. "Tuna Bi Zamoyoni kutoka Kindoro. Huenda kwao kuna sababu ambayo sisi hatujaifikia. Karibu mama, sema."

Zamoyoni alisimama. "Kwetu kijito kilikufa," alisema. "Tulikiua wenyewe. Nimetembea mpaka hapa kwa ajili yake."

"Kwa sababu gani?" aliuliza Mwenyekiti, kalamu tayari.

Akafungua kinywa. Daftari lake lilijaa vibao vya mji mzima, na hakikuwamo hata kimoja kilichomleta. Lililomleta lilikuwa choroko, na mawe, na kaa mmoja juu ya daftari la mwalimu. Alisimama hivyo hata wajumbe wakaanza kuona aibu kwa niaba yake, kisha akakaa.

Hukumu ilikuwa fupi. Walipotoka, Zamoyoni alimkuta Bwana Dhahiri ofisini ameshika ile karatasi yenye maneno ya Bi Tunu. Aliigeuza, akaisoma tena, kisha akavuta droo ya sita na kuilaza juu ya mfuko wa sukari.

"Sheria inasema ikataliwe," alisema bila kumtazama. "Haikusema itupwe."

Siku ya tatu Zamoyoni aliona jinsi wema unavyorudishwa. Nje ya mji lipo Ghala la Marejesho, jengo refu kuliko msikiti wa Ijumaa wa Kindoro, na ndani yake uchafu wote ulioepushwa katika nchi ya Wemani umehifadhiwa kwa mapipa, kila pipa na jina la kiwanda na mwaka. Sheria ilikuwa imeona mbali: sababu inaweza kufa wakati wowote, na wema hauwezi kurudishwa sawasawa kama uchafu wake umepotea. Basi malori yakapakia miaka saba ya Bi Tunu na kuipeleka kando ya mto Sefu. Makarani walivaa glavu. Bwana Dhahiri alisimama na orodha, akasoma kwa sauti, "Mwaka wa kwanza," na vijana wa ghala wakainamisha mapipa ya mwaka wa kwanza, hakuna aliyemwagia mwenzake wala kudondosha tone kwenye nyasi. Kisha mwaka wa pili. Maji yalikuwa ya kijani pale kwenye kivuli, yakawa meupe, yakawa ya kijivu. Kufika mwaka wa nne samaki walikuwa wameanza kuelea kwa ubavu.

Kisha upepo ukageuka, na harufu ikamfikia Zamoyoni. Haikuwa ile ya Kindoro, lakini ilikuwa ndugu yake wa tumbo moja. Alilia waziwazi, mbele ya makarani, na hakujali.

Bi Tunu alikuwa ameketi kwenye gogo, mgongo wake kwa mapipa. Zamoyoni alikwenda kukaa naye.

"Pole, dada."

"Ahsante. Na wewe pole, naona umelia zaidi yangu." Alimsogezea nafasi. "Unajua kosa langu?"

"Kosa lako lipi tena?"

"Lipo. Siku niliyoziba bomba sikuwa na sababu hata moja ya kabatini. Nilikuwa nimechoka kuutamani mto ulio mbele ya macho yangu, nikaenda, nikaziba. Halafu akaja karani na fomu. Nikaogopa kuonekana mjinga. Nikaandika 'wateja', kwa kuwa jirani yangu naye aliandika hivyo. Miaka saba nimekaa na sababu ya kuazima, sasa wenyewe wameijia."

"Ungeandika ukweli wangekukatalia siku ile ile."

"Wangenikatalia, ndiyo. Ila tungekuwa tumegombania mto." Alicheka kidogo, bila furaha. "Jana kwa muda wa saa tatu pale barazani tumegombania kola za mashati."

Pipa jingine lilimwagwa nyuma yao. Zamoyoni alimsimulia kijito chake na kaa wake wadogo, kisha akamwuliza atafanya nini.

"Nitaziba tena kesho. Adhabu yake ni kifungo cha miezi mitatu. Mzigo nimeshaufunga, binti yangu atasimamia mihogo." Alisimama, akajifuta vumbi. "Wewe nenda kwenu. Usikae sana hapa, utaanza kutuelewa."

Aliporudi kuaga, Bwana Dhahiri alimkabidhi bahasha. Ndani yake alikuwa amemwandalia, kwa mkono wake mwenyewe, sababu tano za kuziba bomba la kiwanda cha ngozi, moja kutoka kila droo, zimepangwa vizuri na kila moja na uthibitisho wake. Zilikuwa sababu nzuri. Nasema hivi kwa kuwa nimezisoma. Zamoyoni alimshukuru, naye Bwana Dhahiri akakohoa, akafungua mlango, akasita.

"Hao kaa wa kwenu," alisema. "Nilisikia ukimwambia Bi Tunu. Ni wadogo kiasi gani?"

Zamoyoni alimwonyesha kwa kidole gumba, hapo kwenye kiungo cha kwanza. Bwana Dhahiri alikitazama kile kidole kwa muda, kisha akamtakia safari njema.

Kikao cha Kindoro kilikaa siku ya Jumatano, mawingu ya masika yakiwa yameshajikusanya upande wa milimani. Walikuwepo Mfaume, na wale wabia wawili, Bwana Kitwana mnunuzi wa ngozi mbichi na Bi Mwanaheri aliyesimamia mauzo. Mchoro wa bomba jipya ulikuwa mezani tayari, umekandamizwa kwa vikombe ili usijikunje. Zamoyoni alifungua bahasha na kuzisoma sababu tano bila haraka. Sheria ya maji inakuja, na atakayeitangulia hatahangaishwa nayo. Wanunuzi wa mikoba wa ng'ambo wameanza kuuliza. Vijana wa kwenye chokaa wanakohoa, na wazuri wawili wameshahama. Jina la Kindoro halina haja ya kunuka. Na maji yakisafishwa yanaweza kuzungushwa tena kiwandani.

"Hapo umesema," alisema Bwana Kitwana, akiondoa kikombe kimoja juu ya mchoro.

Bi Mwanaheri aliafiki. Mfaume alivua miwani, akamtazama dada yake kwa fahari ambayo hakujaribu kuificha. Mkono wake ulikuwa umeanza kwenda juu, wa kwanza, kama alivyoahidi. Zamoyoni angeweza kunyamaza hapo. Wewe ungenyamaza, na mimi pia. Lakini alikuwa bado ana mapipa machoni.

"Kaka, ngoja. Na hizi zikifa?"

"Zikifa vipi?"

"Wanunuzi wakisema mwakani hawajali tena. Sheria isipokuja. Vijana wapya wakapatikana."

Mfaume hakuwa mtu wa kudanganya, si kikaoni wala kwingine. Mkono ulirudi mezani. "Basi tutafungua bomba," alisema. "Ungetaka niseme nini?"

"Ndiyo maana nataka mwandike nyingine juu ya hizo, iwe ya kwanza kwenye kumbukumbu." Alinyoosha kidole kwenye dirisha. "Nautamani ule mto. Nina miaka hamsini na mitatu, na kila asubuhi nikifungua dirisha hilo nautamani. Hiyo haiwezi kufa mwakani. Nimejaribu kuiua miaka thelathini, imenishinda."

Bwana Kitwana alikirudisha kikombe chake pale pale kwenye mchoro. Bi Mwanaheri alivuta pumzi. "Bi Zamoyoni, tunakupenda," alisema, "lakini hiyo si sababu ya kikao. Ukiitanguliza hiyo, hata zile tano nitaanza kuzitilia shaka."

Mfaume alivaa miwani. Alisukuma kiti nyuma, akasimama na kutoka nje, mlango akauacha wazi.

Zamoyoni alijua ameharibu. Alikuwa na ushindi mkononi akaumwaga mwenyewe, na bomba jipya lingewekwa kabla mvua hazijakolea. Alikaa na wale wawili ambao hawakujua watazame wapi, na hatimaye akaona afadhali amfuate kaka yake, kama ni kugombezwa agombezwe huko huko.

Alimkuta kijitoni, kwenye yale mawe mapana. Viatu vyake vya kikao alikuwa ameviweka kando, vimelingana, soksi ndani. Suruali ameikunja hadi magotini, na mtu yule wa miaka hamsini na minane, mwenye shinikizo la damu, alikuwa amesimama ndani ya maji meupe ya chokaa, ameinama, anafunua jiwe.

Chini yake palikuwa na tope jeusi. Alilirudisha, akafunua jingine, akalitazama tope lake, akalirudisha nalo vile vile lilivyokuwa, upande wa juu juu. La tatu alilishika kwa muda mrefu kabla ya kulilaza.

"Kaka, maji hayo yatakuunguza miguu."

"Najua." Hakugeuka. "Unadhani watachukua muda gani kurudi?"

"Akina nani?"

"Kaa."

"Sijui, kaka. Miaka. Pengine sisi hatutawaona."

Mfaume alinyooka taratibu, mkono kiunoni, akajifuta vidole kwenye suruali yake nzuri. Macho yalikuwa mekundu, na huenda ni chokaa.

"Nenda kaandike," alisema. "Iwe ya kwanza, kama unavyotaka. Andika tuko wawili."

Nami niliyesimuliwa naishia hapo, jiwe likiwa limerudishwa mahali pake.